Damu Iliyokataa

Kwenye gari la kufundishia udereva kuna breki mbili: ya mwanafunzi, na ya mwalimu anayekaa kando yake. Hiyo ya pili ndiyo iliyompa mwalimu mmoja jina. Wanafunzi walimwita Breki, kwanza kwa kumteta, halafu mbele yake, mwishowe hata mama yake mzazi akawa anamtambulisha hivyo kwa wageni.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi. Ndoa yake ilikwisha bila makelele, akabaki na gari dogo jeupe lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa, na sauti isiyopanda. Mwanafunzi aliweza kuingia kwenye mzunguko kichwakichwa, malori yanamjia huku na huku, jasho linamtiririka mpaka viganjani, na Breki ameketi pale anamenya karanga. "Usilitazame sana hilo lori," alikuwa akisema, "litadhani unalitaka." Kisha, pale ambapo mtu mwingine angeshapiga ukelele, mguu wake ulishuka taratibu, gari likasimama, naye akapangusa maganda mapajani. "Haya. Washa tena."

Mtaani walisema yule hana moyo, ana injini. Mama yake alilipenda sana neno hilo. "Huyu wangu," alisema, "haogopi kitu."

Aliyejua zaidi kuhusu ushujaa huo, au aliyedhani anajua, ni mdogo wake wa kiume. Huyo alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na watu walimwita Mchoraji tu. Alizaliwa na selimundu. Chembe za damu yake, badala ya kuwa mviringo na laini, zilijikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa, na popote zilipokwama mwili ulilia: mgongo, kifua, magoti. Alikuwa na majuma mazuri, anapanda ngazi anaandika SALUNI YA KISASA kwa herufi za kupendeza, na alikuwa na majuma ya kujikunyata kitandani akiuma foronya.

Walipokuwa wadogo baba yao alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa mpishi wa shule, hawezi kuacha sufuria motoni. Kwa hiyo aliyembeba mdogo wake mgongoni mpaka hospitali ni dada. Na kila walipofika, mishipa ya mtoto ilikuwa imejificha, sindano inaingia na kutoka, na muuguzi anasema, "Wewe dada mtu, mshike miguu." Alimshika. Mtoto alipiga mateke na kupiga kelele, "Dada! Dada, waambie waache!" Naye alikaza mikono, akatazama ukutani, akajifunza kuufanya uso wake usitikisike. Wauguzi walimsifu. "Angalia kasichana kajasiri haka." Tangu siku hizo akatembea na uso ule, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza nyuma yake kuna nini.

Mchoraji alipokuwa ameshapita miaka thelathini, daktari wa damu aliwaita wote watatu ofisini kwake. Alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, anayezungumza na wagonjwa kama anazungumza na jirani.

"Ugonjwa huu hauanzii kwenye damu yenyewe," aliwaambia. "Unaanzia jikoni, kule damu inakopikwa, ndani ya mifupa. Jiko hilo ndilo uboho. Siku hizi tunaweza kuliondoa jiko bovu na kuweka jingine, kama akipatikana ndugu wa damu anayelingana naye. Tuwapime."

Wakampangusa Breki mate ndani ya shavu. Majibu yaliporudi, daktari alikuwa anatabasamu kabla hajaketi. Walilingana kabisa, kama waliokatwa kwenye kitambaa kimoja. Mama alipiga kigelegele kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

"Sasa nitakuwa na damu yako," Mchoraji akamwambia dada yake, macho yamemlowa. "Nitaanza kuwafokea watu barabarani."

"Mimi sifokei," Breki akajibu. "Lini, daktari? Hata kesho."

Hakusema uongo. Alipotamka maneno hayo alikuwa anayaamini. Shida ilianza daktari alipombakiza peke yake amweleze upande wake yeye. Angelazwa kifudifudi, chini ya dawa ya usingizi, na uboho ungevutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyuma wa kiuno. Angeumwa siku chache, kisha mwili wake ungejaza upya kilichotolewa.

"Nitakuwa nimelala?"

"Fofofo. Hutasikia kitu."

"Na nikitaka kuamka katikati?"

Daktari akacheka. "Hutataka, dada yangu."

Breki akacheka pia. Alifika mpaka kwenye maegesho, akafungua mlango wa gari, akakaa, na alipotaka kuingiza ufunguo akaona hauingii. Akauangalia mkono wake kama wa mtu mwingine.

Majuma yaliyofuata alifundisha kama kawaida, lakini alimenya karanga na kusahau kuzila. Alijiambia ni wasiwasi wa kawaida, utapita. Haukupita. Kila alipofumba macho aliona miguu ya mtoto, ila safari hii miguu ilikuwa yake, na aliyeishika hakuwa anamsikia. Aliweza kukaa kando ya mtu asiyejua gia kwa sababu breki iko chini ya mguu wake. Pale kitandani asingekuwa na kitu cha kukanyaga.

Mchoraji alipangiwa kulazwa siku ya Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia, Breki alikwenda kwa daktari bila kumwambia mtu. Alisimama mlangoni muda mrefu, mpaka daktari akainua macho.

"Umekuja kuniambia huwezi," daktari alisema.

Breki aliingia hatua moja. Akaitikia kwa kichwa.

"Kaa. Ni vizuri umesema leo. Wiki ijayo tungemwanzishia dawa za kuua uboho wake, na baada ya hapo angekosa wako, angekufa. Kwa hiyo umefanya jambo la maana, ingawa najua halionekani hivyo. Nitawaambia hufai kuchangia. Na ni kweli, mtu asiyekuwa tayari hafai. Sababu ni siri ya mwili wako. Mimi sitaitoa."

Akishuka ngazi, Breki alihisi kifua kimefunguka, hewa inaingia, njaa inauma. Nafuu ile ndiyo iliyomwaibisha kabla ya kitu kingine chochote. Alinunua andazi mlangoni mwa hospitali na kulila lote akiwa amesimama, halafu akaona aibu kwa kulila.

Nyumbani alikuta habari imeshafika kwa simu. Alikuwa amejiandaa kwa lawama. Njia nzima alikuwa anazipanga kichwani. Hakukuwa na lawama. Mama yake alimvuta kifuani, akamshika kisogo kama mtoto mchanga.

"Si wewe, mwanangu. Ni damu yako imekataa. Tutafanyaje?"

Naye Mchoraji, aliyekuwa ameshakunja nguo zake za hospitali kwenye begi, alimshika mkono. "Dada, usijilaumu. Naomba sana. Umenibeba maisha yangu yote, ulitaka unibebe mpaka uzeeni?"

Palepale ndipo alipopaswa kusema. Alijua. Maneno yalikuwa machache, hata mtoto angeyatamka. Lakini mama alikuwa analia, mdogo wake anamfariji, na uso wake ulikuwa umeshajipanga wenyewe, umetulia, mtu angedhani ni huzuni. Akanyamaza. Na jambo la namna hiyo, usipolisema siku ya kwanza, siku ya pili linakuwa jambo jingine.

Kuanzia hapo mama yake alishika kwamba bintiye ana tatizo la damu. Akawa anamletea mboga za majani kwenye mfuko, anampigia simu kumuuliza kama anapata kizunguzungu, anamkataza kunyanyua ndoo. Mbele ya majirani alisema kwa sauti ya chini, "Na huyu naye tumegundua si mzima." Wanafunzi wakasikia. Mmoja akamletea chupa ya dawa ya kuongeza damu, akaiweka kwenye dashibodi kwa heshima zote. Breki alisema ahsante. Jioni aliimwaga kwenye sinki, akasimama anatazama wekundu wake unavyozunguka na kushuka kwenye tundu.

Mwaka ukapita. Kisha Mchoraji akaanza kuchechemea. Kwanza alisema amelalia vibaya. Baadaye akawa anashika meza ili ainuke. Picha ilionyesha kichwa cha mfupa wa nyonga kimekosa damu kwa muda mrefu mno, kimeanza kufa na kusagika. Hakuna dawa ya kuufufua. Alipewa mkongojo na kukatazwa kupanda ngazi.

Kupanda ngazi ndiyo ilikuwa kazi yake. Wakati huo alikuwa katikati ya bango la duka la dawa lililoko karibu na stendi, na kwa muda wa juma zima juu ya mlango ule palisomeka DUKA LA DA. Watu walipita wanacheka. Mwenye duka alikuja nyumbani mara mbili, kwa adabu, kuuliza afanyeje.

"Nipe hiyo brashi," Breki alisema.

Alipanda yeye. Mchoraji alisimama chini na mkongojo wake, akimwelekeza. "Shusha mkono. Usikandamize. Sasa vuta. Dada, hiyo W imelewa!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Wapita njia wakasimama. "Mwoneni dada yangu," akawaambia, kweli kabisa, bila kejeli. "Huyu hata urefu haogopi. Ingekuwa damu yake inakubali, mimi saa hizi ndiye ningekuwa huko juu."

Breki alikuwa amegeukia ukuta. Rangi ya bluu ilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na machozi yalishuka akiyaacha, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Alikuwa anapiga hesabu moja tu: jiko lingebadilishwa mwaka ule, nyonga hii ingekuwa hai. Aliiandika A ya mwisho pole pole kuliko zote, ili asishuke mapema.

Baada ya hapo ndipo daktari alipowaita tena. Kulikuwa na utafiti, alisema, wa tiba ya namna mpya, na hospitali yao imekubaliwa kushiriki. Gharama zinabebwa na watafiti wenyewe. Alivua miwani, akaiacha ining'inie.

"Kila mtu, akiwa tumboni mwa mama yake, ana damu ya aina nyingine, damu ya utotoni. Hiyo haijikunji, hata kwa mtoto mwenye selimundu. Tukishazaliwa, mwili unaizima, kama mtu anavyozima taa ya chumba kisichotumika. Sasa wataalamu wameijua swichi ilipo. Tunachukua mbegu za damu yako mwenyewe, zinakwenda maabara, huko wanaikata ile swichi inayozima, kisha tunakurudishia. Taa inawaka tena."

"Wanakata kwa kitu gani?" mama aliuliza. "Wembe?"

"Mdogo kuliko wembe wowote, mama. Hauonekani hata kwa darubini hii ya hapa kwetu."

"Na hahitajiki ndugu?"

"Hahitajiki mtu mwingine yeyote. Lakini siwadanganyi, ni utafiti. Waliokwisha kutibiwa hivi duniani ni wachache, na dawa za kuliondoa jiko la zamani ni kali vilevile. Anaweza kukosa uzazi. Anaweza kuzidiwa."

Mchoraji alishakubali kabla daktari hajamaliza.

Siku mbili baadaye daktari alimpigia Breki, akamwomba afike peke yake.

"Nina wajibu wa kukuuliza," alisema. "Utafiti huu unachukua wale wasio na ndugu wa kuwachangia. Mimi nimemwandika hana. Nikikuuliza leo na ukasema upo tayari, tutarudi kwenye njia ya uboho wako, njia tunayoijua vizuri zaidi. Ukisema huwezi, anaingia kwenye utafiti. Hakuna jibu baya. Nataka tu liwe la kweli."

Breki alitazama dirishani. Alikuwa ameomba nafasi ya pili, tena kwa kupiga magoti, na sasa imewekwa mezani mbele yake kama sahani. Akabana mikono kati ya magoti.

"Hii mpya si ndiyo nzuri zaidi?" aliuliza. "Mwili wake hautaikataa, maana ni yake mwenyewe."

"Hilo ni kweli."

"Basi aingie kwenye utafiti."

"Ndilo jibu lako?"

"Ndilo."

Safari hii alikuwa na sababu nzuri, sababu ambayo angeweza kumweleza mtu yeyote bila kuinamisha uso. Hilo lilimuumiza kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza aliogopa na akajua anaogopa. Sasa hakuweza kujua kama amechagua kwa ajili ya mdogo wake au amejificha nyuma ya akili za watu wa maabara. Alijipekua njia nzima na hakupata jibu, na mpaka leo hajalipata.

Mchoraji aliunganishwa na mashine iliyochuja mbegu za damu yake, zikasafirishwa, zikakaa huko miezi. Zikarudi zimegandishwa, kwenye kifuko kidogo ambacho mama alikikodolea macho kwa mashaka. "Hicho tu?" Kabla ya kurudishiwa alipewa zile dawa kali. Nywele zikamtoka, mdomo ukamchubuka ndani hata maji yakawa adhabu, akawekwa chumba cha peke yake ambako watu waliingia wamevaa barakoa na kanzu za hospitali. Breki alikuja kila siku baada ya kufunga kazi. Alimsugua miguu kwa mafuta. Hakuna aliyemwambia aishike. Aliishika tu, akiwa nyuma ya barakoa, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kuupanga uso.

Damu mpya ikaanza kupikwa. Likapita juma bila maumivu, ukapita mwezi, msimu wa baridi ukaja na kuondoka, naye hajalia hata mara moja. Daktari hakulipenda neno kupona. "Tunaendelea kumfuatilia," alisema kila alipoulizwa. Lakini alipoitazama damu ile kwenye darubini alimwita muuguzi aje naye atazame. Nyonga ilibaki vilevile. Mchoraji alitembea na mkongojo, na akahamishia kazi yake mezani, mabango madogo ambayo wengine waliyapandisha. Mama alitembea mtaa mzima akieleza mambo ya swichi, kila siku kwa namna tofauti.

Siku moja Breki alimkuta mdogo wake kwenye kibanda chake cha kazi, harufu ya tina ya kuyeyushia rangi imejaa, makopo ya rangi yamejipanga kwenye sakafu. Alikuwa anaandika bango la fundi cherehani na anaimba chinichini.

"Unajua ninachofikiri, dada?" alisema bila kuinua kichwa. "Mungu alijua. Ndiyo maana damu yako ilikataa. Ingekubali, nisingeipata hii."

Breki aliketi kwenye kopo lililopinduliwa.

"Damu yangu haikukataa," alisema. "Nilikataa mimi."

Brashi ilisimama.

"Vipimo vilikuwa sawa. Niliogopa. Nilikwenda kwa daktari ile Ijumaa, nikamwambia siwezi, akanifichia. Na alipouliza mara ya pili, kabla hujaingia kwenye utafiti, nikasema tena siwezi. Nyonga yako..." Hakuweza kumalizia.

Mchoraji aliitazama brashi, akaichovya kwenye tina, akaifuta kwa kitambaa, polepole, unywele kwa unywele. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Siwezi tena kusikia unanishukuru."

"Kwa hiyo umeona unitwishe mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama anajua?"

"Bado."

"Usimwambie. Yule mwanamke ana furaha moja tu na nusu yake ni wewe. Sasa nenda, dada. Nina kazi."

Alikwenda. Mchoraji hakumpigia simu, wala hakupokea ya kwake. Kwa mama walionana Jumapili, wakapeana chumvi mezani kama abiria wa safari moja, na mama akasema hawa watoto siku hizi wamechoka. Breki alifundisha, akarudi, akalala. Alifikiria kwenda kumwomba tena msamaha, akaona kwamba hata kuomba kungekuwa namna ya kumdai kitu. Akaacha.

Mvua zilikuwa zimeanza aliposikia mkongojo barazani. Mchoraji aliingia amelowa chapachapa, jambo ambalo zamani lingemlaza hospitali. Breki alikimbilia taulo.

"Acha taulo. Sikiliza kwanza." Alibaki amesimama. "Kuogopa siyo kosa. Mimi nimechomwa sindano maisha yangu yote, najua kinachoogopwa. Kinachonikera ni kwamba mimi ndiye niliyekufariji. Begi langu la hospitali limeshafungwa, nakwambia usijilaumu, na wewe unanitazama tu. Ulinitazama, dada."

"Nilikutazama," Breki alisema. Uso wake ulitikisika wote, midomo, kidevu, na hakuuzuia. "Naona aibu mpaka leo. Nitaona kesho pia."

"Ona tu. Sijakusamehe bado, nisikudanganye." Akavuta kiti, akaketi kwa kujipinda upande mmoja kama nyonga ilivyomruhusu. "Lakini nimetoka kazini na sijala. Umepika nini?"

Alimpakulia. Alikula kichwa kimeinama, maji yanamdondoka kutoka kwenye nywele zake mpya na kuingia kwenye sahani. Simu yake ikaita; alikuwa mama, anaogopa mvua imemkuta njiani.

"Niko kwa dada," alisema, mdomo umejaa. "Ndiyo, mama. Nakula." Akasukuma sahani mbele bila kumtazama Breki. "Ongeza."